Kabogo Akinguruma

Kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba ninayopanga hapa Ujiji, upande unaotazama ziwa, nimefunga spika moja ya inchi 15. Niliitoa kwenye sabufa ya mteja aliyeniletea nitengeneze, akasikia bei, akaniachia mzoga. Mama mwenye nyumba alivumilia wiki ya kwanza. Ya pili akaniita kibarazani.

"Fundi, hilo redio lako mbona haliimbi? Kila siku kimya, kimya."

"Haliimbi, mama. Linasikiliza."

Akaniangalia kwa jicho lile lile analoniangalia tarehe tano ikipita sijalipa kodi, akarudi kuchambua mchele wake.

Mimi ni fundi redio, ingawa siku hizi redio hazina wagonjwa na ninaishi kwa vioo vya simu. Kibanda changu kiko Mwanga. Sina digrii ya wanyama wala ya sauti. Nina kaunta buku nne zilizojaa mambo ambayo watu wa ziwani na wa porini hunisimulia wakisubiri simu zao, maana mtu aliyekaa kwenye benchi nusu saa bila simu mkononi hukumbuka mengi. Nyoka wa pete aliyesimama juu ya maji. Taa iliyotembea mlimani pasipo njia. Mamba wa Burundi waliyembatiza Gustave, ambaye Mfaransa Patrice Faye alimtegea mtego mkubwa wa chuma asimpate, na ambaye hadi leo hakuna aliyewahi kumpima kwa futi. Urefu wake wote ni wa macho. Ninaandika yote. Wengine huniona mpiga ramli, wengine huniona mpinzani wa wapiga ramli, na pande zote mbili hunipa lawama zilezile.

Spika ile ipo kwa ajili ya Kabogo.

Mara ya kwanza kumsikia nilikuwa kwenye kipe. Kwa msiozijua dagaa za Kigoma: kipe ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu unashushwa katikati, taa zinawaka juu ya maji, na dagaa wanapanda kufuata mwanga. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni balbu na betri, na hizo betri ndizo zilizonipeleka majini, kwa sababu chaja ya nahodha ilikuwa inakata na hakutaka kuniachia dukani. Ulikuwa usiku wa giza, mwezi haujatoka. Mbalamwezi ikiwaka hakuna anayetoka, dagaa hawazioni taa zako. Nimeinamia nyaya, nikasikia kitu kutoka kusini magharibi. Nikisema nilisikia nakosea kidogo. Kilianzia kifuani, kwenye mbavu, ndipo kikafika masikioni. Kizito, kirefu, kama mtu anaburuta pipa tupu kwenye sakafu ya nyumba ya tatu. Kikatulia. Kikarudi.

"Mzee, hiyo radi?"

"Kabogo huyo."

"Kabogo ndiye nani?"

"Kabogo ni Kabogo, mwanangu. Vuta kamba."

Nikavuta kamba. Juu yetu nyota zilikuwa zimejaa.

Kumbe jina hilo limeandikwa zamani. Mwaka 1871, siku chache kabla ya kumkuta Livingstone hapa hapa Ujiji, Stanley alipumzika kula kando ya mto Rugufu, akasikia mngurumo kutoka magharibi. Akauliza kama ni radi. Kiongozi wake wa njia, Asmani, akamwambia ni Kabogo: mlima mkubwa ng'ambo ya ziwa, una mashimo marefu, maji huingia humo kwa kishindo upepo ukivuma. Vyombo vingi vimepotea pale. Ndiyo maana Waarabu na wenyeji walitupa majini nguo, merikani na kaniki, na zaidi shanga nyeupe, kumtuliza mungu wa ziwa. Aliyetupa alipita salama, asiyetupa alizama.

Stanley hakuishia kusikiliza, alipiga na hesabu. Kutoka pale hadi Ujiji ni maili 46. Kabogo inasemekana iko karibu na nchi ya Uguha, ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo kutoka Ujiji lazima ni zaidi ya maili 60. Basi, akasema, mngurumo ule tuliusikia kutoka zaidi ya maili 100. Ukiitazama vizuri hesabu hiyo utaona amejumlisha safari ya kwenda Ujiji na ya kutoka Ujiji, kana kwamba sauti nayo ilipitia Ujiji kupumzika kwanza. Na kuna jambo jingine. Ras Kabogo tunayoijua sisi iko upande wetu, pwani ya Tanzania, kusini ya mdomo wa Malagarasi. Jina liko huku, mngurumo unasemwa unatoka kule. Sijui ni nani aliyehamisha kipi.

Lakini kilichoninyima usingizi ni neno moja. Stanley anamnukuu Asmani akisema upepo ukivuma kuna sauti kama "mvuha", na mbele yake, kwenye mabano, Stanley anafasiri: radi.

Msomaji wangu wa Kiswahili, umeiona? Mvuha. Mvua. Asmani hakusema radi. Stanley ndiye aliyeuliza kuhusu radi, na radi ndiyo aliyoisikia hata alipojibiwa mvua. Na hizi ni sauti mbili tofauti kabisa. Radi inapasuka kisha inaviringika. Mvua, ile inayokuja kutoka ng'ambo ikiwa bado mbali, ni uvumi mmoja mpana usio na mwanzo, na mtu wa ziwani huusikia akaanza kuanua kabla tone la kwanza halijaanguka. Ukiniambia mlima unavuma kama mvua nitawaza mawimbi na mapango. Ukiniambia kama radi nitatazama mawinguni. Miaka zaidi ya 150 wasomaji wa Stanley wamekuwa wakitazama mawinguni.

Na mawinguni kuna kitu, sikatai. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, nasi tuko ng'ambo tu. Ziwa letu kwa wastani lina upana wa kilomita 50. Sauti hutembea kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Radi ikipiga ng'ambo ile, mwanga unakufikia papo hapo, lakini mngurumo, ukifika, unafika baada ya karibu dakika mbili na nusu. Dakika mbili na nusu ni nyingi. Umeshageuka, umeshawasha sigara, umeshasahau. Ndipo unasikia kitu kinanguruma, unainua macho, mbingu kimya, unasema: Kabogo.

Kwa kawaida radi haisikiki mbali hivyo. Inahitaji usiku uliotulia, hewa baridi imelala chini karibu na maji na hewa ya joto imeifunika juu kama sufuria na mfuniko wake. Hapo sauti ikitaka kupanda inapindishwa kurudi chini. Watu wa Ujiji mnaujua usiku wa namna hiyo: ni ule ambao honi ya treni stesheni Kigoma inalia kama iko uani kwako.

Basi nikaamua kumrekodi. Nilianza kwa simu, kwa sababu fundi simu anaziamini simu kuliko inavyofaa. Nikatoka tena na yule mzee, usiku wa saa nane kasoro Kabogo akanguruma vizuri kabisa, nikasikia mbavu zangu. Asubuhi nikafungua faili: maji yanapiga ubavu wa mtumbwi, mtu anakohoa, mzee anamtukana kijana aliyelegeza kamba. Kabogo hayumo. Nilikaa nayo kibandani siku nzima nikiwa na hasira, hadi nikajicheka mwenyewe. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa mdomo wa binadamu. Sauti nzito za chini inazikata kwa makusudi, ili upepo usikusumbue unapoongea na shangazi. Nilikuwa nimekwenda kuvua sangala kwa chujio la chai.

Ndipo spika. Kila fundi wa zamani anajua siri hii: spika na maikrofoni ni ndugu wa tumbo moja. Ukiipa spika umeme, koili inatikisika ndani ya sumaku na karatasi inasukuma hewa. Ukiacha kuipa, hewa ndiyo inayosukuma karatasi, koili inatikisika, umeme mdogo unatoka kwenye nyaya zilezile. Spika kubwa haisikii nong'ono wala nzi, ila sauti nzito inazishika kama mkono. Nikaiunganisha na amplifaya ndogo, kisha laptopu iliyovunjika kioo, nikaacha ikirekodi usiku kucha.

Wiki ya kwanza nilidhani nimeshinda. Kila alfajiri, mngurumo. Mzuri, wa kupanda na kushuka, saa kumi na moja na robo bila kukosa. Nikaandika, nikachora, nikamwita rafiki yangu aje asikie. Alisikiliza kidogo akasema, "Hiyo si mashine ya kusaga ya pale kona?" Ilikuwa mashine ya kusaga ya pale kona.

Niseme kidogo kuhusu nyoka, maana kwenye benchi langu ndiye anayeongoza. Mwaka 2017 kijana wa Katonga alinipigia simu: wavu wao umenasa nyoka wa maji wa mita nne. Nilikwenda na futi ya fundi cherehani. Alikuwa kwenye mchanga, ameshapigwa, rangi ya kahawia ya kung'aa, shingoni pete chache nyeusi na mwili uliobaki hauna kitu. Watu walisimama mbali, nikapima kuanzia pua: mita 1 na sentimita 68. Nikapima tena mbele ya mashahidi. Walikubali kipimo, na jioni ile ile nilimsikia mmoja wao sokoni akisema mita nne. Nyoka huongezeka kila akivuka mlango.

Yule ni swila wa maji, na wa aina yake hii wa Tanganyika aliandikwa kitaalamu na Mbelgiji Dollo mwaka 1886. Anakula samaki, akipumzika hujificha kwenye mawe, sumu anayo ila kuuma watu ni nadra. Wavuvi wanaposema amesimama juu ya maji hawatii chumvi. Huinua kichwa na shingo akipumua, na ukiwa kwenye mtumbwi unaona pete tu zinasogea. Tatizo liko kwenye mita.

Kuna na wale viduduvioo. Siku za maji matulivu watoto wa Bangwe huviona: vitu mviringo, vyeupe kama glasi, ukubwa wa sarafu, vinafunga na kufungua. Ni yavuyavu, ndugu wa wale wa baharini, katika ziwa la maji baridi kilomita zaidi ya 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Mjerumani Böhm aliwaona mwaka 1883, na wakawatia wazungu homa. Mwingereza Moore akaja mara mbili kabla ya karne kuisha, akatazama yavuyavu na konokono wenye magamba kama ya pwani, akahitimisha kwamba ziwa hili liliwahi kuwa sehemu ya bahari. Alikosea. Konokono wale walijitengenezea humu humu maumbo yao, katika mamilioni ya miaka ambayo ziwa limekaa peke yake. Lakini nampenda Moore, kwa sababu alikosea huku akiwa ameandika kila kitu vizuri, waliokuja baadaye wakaweza kumkosoa kwa daftari lake mwenyewe.

Mimi kosa langu kubwa nililifanyia Igunga.

Mwaka 1937 Mwingereza mmoja aitwaye Hichens, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, aliandika kwenye jarida kwamba akiwinda simba kwenye misitu ya Ussure na Simbiti, magharibi ya mbuga ya Wembere, aliona watu wawili wadogo, futi nne hivi, wana manyoya ya rangi ya kutu, wakivuka uwazi kwa miguu miwili. Mwindaji aliyekuwa naye akamwambia ni agogwe. Mimi nimezaliwa Tabora. Wembere ni ya nyumbani. Mwaka 2018 nikapanda basi kupitia Nzega, nikashuka Igunga, nikafika kijiji kimoja pembeni ya mbuga nikiwa na kaunta buku mpya na mchoro niliouchora mwenyewe.

Siku ya kwanza nikawaonyesha wazee mchoro. "Shikamooni. Mnawajua hawa? Wanaitwa agogwe." Walitazama, wakapokezana, wakanyamaza. Hakuna. Siku ya pili asubuhi watu watatu walikuwa wananisubiri. Mmoja baba yake aliwaona. Mwingine aliwaona mwenyewe, kwa mbali. Wa tatu alijua hadi wanapolala. Niliandika mpaka wino ukaisha. Jioni mwenyeji wangu, mzee aliyenipa kitanda, alinikuta nikisoma kurasa zangu kwa kurunzi akasema taratibu: "Mjukuu wangu, umetoka mbali. Hapa mgeni haondoki mikono mitupu."

Hakuna aliyedanganya, hivyo ndivyo ninavyoamini hadi leo. Nilikuja nimebeba jibu, wakanisaidia kulibeba. Siku ya tatu sikutoa mchoro. Niliuliza tu: mbugani huku, usiku, kuna nini? Wakanitajia fisi, mhanga, kakakuona, komba anayelia kama mtoto, nyani anayesimama kwa miguu miwili akitazama mbali juu ya nyasi. Kurasa nne, nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na hakuna kibinadamu hata kimoja. Hilo halimfanyi Hichens kuwa mwongo. Linaniambia tu kwamba za siku ya pili sina haki ya kuzitumia. Nilizipiga mstari, sikuzichana. Tangu hapo kila ukurasa wangu una safu tatu: aliyeona, alichoona, na aliyemwambia kuwa ni nini. Ya tatu ndiyo inayonichukua muda.

Maana wakati mwingine wenyeji wana jina, na jina lina mnyama. Wawindaji wa Kinyakyusa kule Rungwe walikuwa wakimtaja kipunji miaka na miaka, na waliosikia hawakuwa na hakika kama ni nyani au ni hadithi. Watafiti walipofuata jina hilo kuanzia 2003 walimkuta juu ya mti, na mwaka 2005 akatangazwa; mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika baada ya miaka 83. Na hapa kwetu, mwaka 1960 binti wa miaka 26 asiye na digrii alishuka Gombe na darubini na daftari, sokwe wakamkimbia miezi, akaendelea kukaa na kuandika, hadi siku alipomwona mmoja akivua mchwa kwa jani. Jane Goodall huyo huyo, akiwa ameshakuwa daktari wa dunia nzima, alisema kwenye mahojiano ya redio mwaka 2002 kwamba ana hakika wale watu-manyoya wa misitu ya Marekani wapo. Mimi sina hakika hiyo. Lakini nilifurahi ilikuwa redio.

Turudi kwa Kabogo. Baada ya mashine ya kusaga nikawa mwangalifu. Nilianza kukaa nje na saa, nikiona mmweko ng'ambo nahesabu. Miezi ya mvua kesi nyingi zilikubali: mmweko, sekunde 140, sekunde 150, kisha spika inatikisika. Nikajua sehemu ya Kabogo ni radi, Stanley hakukosa yote. Sehemu nyingine yaweza kuwa ardhi yenyewe. Tunaishi juu ya ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 ilipopiga tetemeko la 6.8, redio zote za wateja zilishuka rafuni kwangu kwa pamoja, na tetemeko dogo la karibu huweza kutoa sauti bila kumwaga hata chai. Mingurumo ya namna hii inajulikana kwingine pia, Barisal kule Bangladesh, ziwa Seneca kule New York, na huko nako wamegawanyika kama sisi.

Ras Kabogo yenyewe niliipita kwa boti la mbao la abiria, nikienda Kalya kuonana na mteja aliyenidai. Upepo ulikuwa mdogo. Tulipokaribia, nahodha alinyoosha mkono akazima muziki, boti zima likanyamaza, akina mama wakaacha mazungumzo katikati ya sentensi. Ikapita kama robo saa. Kisha akawasha. Hakusema kwa nini, nami sikumuuliza, niliandika saa.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mjini watu walilia njaa ya dagaa, na mimi pia nililia, ila usiku nilikuwa na ziwa ambalo sijawahi kulisikia: hakuna injini, hakuna taa, hakuna mtu anayeimba. Upepo wa kusini ulikuwa unavuma kama ilivyo kawaida ya miezi ile. Usiku mmoja wa Julai, saa tisa na dakika kumi, sindano ya amplifaya ikalala upande wa kulia na kubaki pale. Nilitoka nje. Mbavu zilinijulisha kabla ya masikio. Hapakuwa na mmweko. Nilikuwa macho tangu saa nane na sikuwa nimeona hata mmoja. Wingu hakuna.

Mlango wa mama mwenye nyumba ukafunguka. Sikuwahi kumsimulia habari za Asmani wala Stanley, na kuhusu Kabogo alijua tu kwamba nina wazimu wa spika. Alikuwa amejifunga kanga kifuani, anakwenda moja kwa moja kwenye kamba.

"Fundi, uko macho? Njoo unisaidie kuanua nguo. Husikii mvua hiyo inakuja?"

Julai. Nilimwangalia, nikaangalia juu, nyota zimejaa. Nikafunga mdomo. Nikamshikia beseni, tukaanua zote, shuka mbili, sare za wajukuu na kanzu ya marehemu mzee ambayo bado anaifua kila mwezi.